Moshi wa Jana Uko Wapi Leo? Hoja ya Kupima Hewa ya Mara



Miezi kadhaa iliyopita nilialikwa katika kikao kimoja mjini Musoma kilichojadili mipango ya mazingira. Ndani ya kabrasha lile nene palikuwa na kipengele cha mistari miwili kilichopendekeza kupima hewa katika Musoma, Bunda na Butiama. Kilifutwa kwa sentensi moja. Mzungumzaji alisema kwamba Mara haina viwanda vya kutisha, kwamba hewa yetu ni safi, na kwamba fedha ziende kwenye mambo yenye maana. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, chai ikaletwa, na kikao kikaendelea na ajenda ya upandaji miti. Nje ya dirisha, moshi wa majiko ya jioni ulikuwa umekwisha kutanda juu ya mabati ya mji.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu kisa hicho, kijana mmoja mzaliwa wa Bunda aliuliza swali ambalo kikao kizima hakikuliuliza: "Dokta, moshi wa jana uko wapi leo?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kuna fani nzima ya kemia ya angahewa iliyojengwa juu ya swali hilo, na sera zetu za hewa zimeliruka. Makala haya ni jibu langu kwa kijana yule, na kwa kikao kile pia.

Hoja yangu ni moja. Moshi hauishi pale macho yanapoacha kuuona. Ukishatoka jikoni, tanurini au kwenye nyika inayoungua, huanza maisha mapya: hubadilika kikemia, huongezeka au hupungua uzito, husafiri, kisha huingia kifuani mwa mtu ambaye hakuwasha moto wowote. Taasisi inayohesabu moshi mchanga peke yake, ule unaotoka sasa hivi kwenye chanzo chake, imehesabu sehemu tu ya deni, na kuutangazia umma kwamba hesabu imefungwa.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Methali hiyo hutufundisha kurudi nyuma, kutoka kwenye moshi hadi kwa aliyeuwasha. Sheria zetu nazo zina mwelekeo huohuo. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, mazoea yetu yamekuwa kulitazama bomba: nani anatoa nini, na kwa kiasi gani. Ni mantiki ya lazima. Lakini haisemi lolote kuhusu moshi unakokwenda, na ndiyo maana mtu anaweza kusimama mbele ya wajumbe na kudai kwamba pasipo na bomba la kiwanda hapana uchafu wa hewa.

Sasa tuutazame moshi wenyewe. Kuni inayoungua vibaya, kama inavyoungua kwenye mafiga matatu, hutoa vitu viwili kwa pamoja. Kimoja ni chembe ndogo mno, ambazo nyingi hazifiki kipenyo cha mikromita 2.5, yaani takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Hizo hupita puani na kooni hadi kwenye vifuko vya mapafu. Cha pili ni mvuke wa mamia ya kampaundi za kaboni, usioonekana kwa macho. Chembe za namna hii zinazoelea hewani huitwa erosoli, na zile zilizojengwa kwa kampaundi za kaboni zinazotokana na kuni, nyasi, mkaa au mafuta huitwa erosoli za kikaboni.

Mchana jua huivunja ozoni. Kipande kinachobaki hukutana na mvuke wa maji na kuzaa radikali ya haidroksili, kitu chenye njaa kiasi kwamba hakimalizi hata sekunde chache kabla hakijaivamia molekuli nyingine. Kila shambulio lina njia mbili. Molekuli inaweza kupachikwa oksijeni, ikawa nzito na yenye kunata, ikaacha kuwa mvuke na kujiunga na chembe. Au inaweza kukatika vipande vyepesi vinavyotoroka na kubaki gesi. Katika saa za mwanzo mara nyingi njia ya kwanza hutawala, na moshi unaweza kunenepa angani bila mtu kuongeza hata kijiti kimoja motoni. Siku zikipita njia ya pili hupata nguvu, na moshi hukonda. Mwendo huo wote ndio tunaouita kuzeeka kwa moshi.

Wala usidhani kwamba jua likitua kazi hiyo hulala. Mwaka 2020 Kodros na wenzake walionesha kwamba moshi wa kuni huzeeka haraka hata gizani, kwa msaada wa radikali ya naitreti inayotokana na ozoni na gesi za nitrojeni. Kwa hiyo moshi wa chakula cha usiku, ambao tunaamini umeondoka na upepo tulipolala, huamka asubuhi ukiwa kitu kingine. Chembe iliyozeeka kwa kawaida hupenda maji zaidi, hukaribisha ukungu na mawingu, na majaribio mengi ya maabara yameona kwamba uwezo wake wa kuchokoza seli za mapafu huongezeka badala ya kupungua. Uzee wa moshi hauupunguzii ukali.

Mkoa wa Mara umekaa mahali ambapo mambo haya yote hukutana. Tupo karibu na ikweta, na ukanda wa tropiki, kwa wingi wa jua na unyevu wake, ndio wenye haidroksili nyingi kuliko kanda nyingine duniani. Mashariki yetu ni Serengeti, ambako nyasi huungua kila kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, nyingine kwa mpango wa wahifadhi na nyingine kwa mikono isiyojulikana. Upepo mkuu wa msimu huo hutoka upande wa mashariki na kusini-mashariki, yaani huutoa moshi wa nyika na kuuelekeza Bunda na ziwani. Magharibi yetu ni Ziwa Victoria, lenye upepo wake wa kila siku: mchana huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, usiku hugeuka na kwenda majini. Katikati ya hayo yote wapo watu, na majiko yao ya kuni na mkaa, na mashamba yanayosafishwa kwa moto kabla ya mvua.

Fanya hesabu nyepesi nami. Kutoka Bunda hadi Musoma, kwa mstari wa ndege, ni kama kilomita 60. Upepo wa kilomita 15 kwa saa huumaliza umbali huo kwa saa 4. Saa 4 za jua la Agosti zinatosha kabisa kuubadilisha moshi. Si dhana ya mezani. Septemba 2000, katika kampeni kubwa ya utafiti iliyoitwa SAFARI 2000, ndege za utafiti ziliufuata moshi wa moto mmoja wa nyika kule Timbavati, Afrika Kusini. Ndani ya muda usiofika saa 1, ozoni na asidi asetiki zilikuwa zimeongezeka ndani ya moshi uleule. Hakuna aliyezimwaga humo, zilizaliwa njiani. Mwananchi wa Makoko au Nyasho anayevuta hewa ya jioni anaweza basi kuwa anavuta vitu ambavyo havikutoka kwenye moto wowote, kwa sababu vilitengenezwa hewani kati ya moto na pua yake. Nani atamwandikia tozo yule aliyevitengeneza?

Hapa ndipo wenzangu wa vyuoni huniambia: "Usihangaike, modeli zipo." Ni kweli zipo, na ninaziheshimu. Mwaka 2006 Neil Donahue, Allen Robinson na wenzao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, walipendekeza njia nzuri ya kuzipanga molekuli za kikaboni kama bidhaa kwenye rafu, kwa kadiri ya wepesi wake wa kuvukiza, kila rafu ikizidi ya chini yake mara 10. Kompyuta huzihamisha kutoka rafu hadi rafu kadiri zinavyoshambuliwa na haidroksili. Mwaka uliofuata walionesha kwamba hesabu za zamani, zilizouchukulia moshi kama masizi yasiyobadilika, ziliiacha nje sehemu kubwa ya chembe zinazozaliwa angani. Kazi hiyo iliigeuza fani nzima.

Lakini modeli ni kama mizani ya sokoni: lazima ipigwe muhuri mahali inapotumika. Kasi za kuhamisha molekuli kutoka rafu hadi rafu zimetokana kwa sehemu kubwa na majaribio ya kuni na injini za Marekani na Ulaya. Kuni zetu ni migunga na vichaka vya nyika. Majiko yetu ni mafiga na majiko ya mkaa. Ng'ombe wetu wana samadi ambayo nayo huungua. Baadhi ya modeli maarufu za dunia hazina hata rafu hizo. Huupa moshi muda mmoja wa kukomaa, siku 1 na kidogo, uwe umetoka Helsinki wakati wa theluji au Bunda mwezi wa nane. Kati ya mwaka 2016 na 2018 ndege za utafiti za Marekani zilizoruka kutoka Walvis Bay na São Tomé ziliukuta moshi wa Afrika juu ya bahari ya Atlantiki ukiwa umezeeka siku nyingi na umepoteza sehemu ya uzito wake wa kikaboni, jambo ambalo modeli nyingi hazikuwa zimelitia hesabuni. Kwa hiyo tunaweza kukosea pande zote mbili: tukapunja moshi unaonenepa karibu na kwetu, kisha tukazidisha ule uliokwisha kukonda mbali. Sera inayosimama juu ya kosa la pande mbili haina miguu.

Ushahidi kwamba Watanzania wanaweza kuifanya kazi hii upo. Mwaka 2011 Stelyus Mkoma alikusanya chembe za hewa Morogoro, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Yeye na Kimitaka Kawamura wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, wakazichambua na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Katika kundi la asidi walizozipima, iliyoongoza kwa wingi ni asidi oksaliki, ambayo kwa sehemu kubwa huzaliwa angani molekuli kubwa zinapokatwakatwa. Walipima pia levoglukosani, sukari inayotokana na kuungua kwa selulosi ya mimea, ambayo ni kama sahihi ya moto wa kuni na nyasi. Levoglukosani huliwa polepole na haidroksili. Asidi oksaliki hujengeka. Ukizipima zote mbili kwenye karatasi moja ya kichujio, unakuwa na kitu kinachokaribia saa ya kusomea umri wa moshi. Saa hiyo ilisomwa Morogoro. Naomba isomwe Mara.

Nijibu sasa pingamizi tatu ninazozisikia mara kwa mara.

La kwanza ni lile la kikaoni, kwamba bila viwanda hewa ni safi. Pingamizi hili linafaa kuzikwa. Rwanda haina msitu wa mabomba ya viwanda, lakini kituo chake cha mlima Mugogo kimeonesha wazi jinsi moshi wa moto wa mimea kutoka ndani ya ukanda wetu unavyoijaza hewa ya milimani wakati wa kiangazi. Moshi haukuomba viza. Kama unafika kilele cha Mugogo, utashindwaje kufika Mtaa wa Mukendo?

La pili ni la wale wanaosema tatizo la moshi limekwisha kupata dawa, kwa sababu tuna Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, wenye lengo la kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ninauunga mkono mkakati huo bila kigugumizi. Vifo takriban 33,000 kwa mwaka vinavyotajwa katika hotuba za viongozi vinatosha kumnyamazisha yeyote anayeubeza. Lakini tunaupima kwa kitu gani? Kwa mitungi iliyogawiwa. Mtungi uliogawiwa si hewa iliyosafishwa. Mama wa Butiama anaweza kupewa mtungi leo, ukaisha baada ya mwezi, akarudi kwenye mafiga, na takwimu ikabaki imemhesabu miongoni mwa waliookolewa. Tena, hata akibaki na gesi yake maisha yote, bado atavuta moshi wa jirani uliozeeka na moshi wa nyika uliopita juu ya Bunda. Kumwambia kwamba yeye na jiko lake ndio tatizo lote ni kumtwika mzigo wa mkoa mzima, kisha kumwachia bili.

La tatu ndilo zito zaidi: kwamba tuna upungufu wa maji, madarasa na dawa, na kwamba kemia ya angahewa ni anasa. Ningelikubali iwapo kupima hewa kungehitaji mabilioni. Lakini ng'ambo ya ziwa letu hilihili, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha mradi wa AirQo mwaka 2015, ukatengeneza vifaa vya bei nafuu vya kupima chembe laini, vinavyofungwa juu ya majengo na hata kwenye bodaboda. Leo vifaa hivyo vinatumika katika miji mingi ya Afrika. Waganda hawakuwa wamemaliza shida zao za maji walipoanza. Walielewa kwamba kinachoua watu kimyakimya hakisubiri foleni ya bajeti. Na tukumbuke kwamba maji yenyewe yamo ndani ya hoja hii. Watafiti wa ziwa wamekwisha kuonesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayolirutubisha Ziwa Victoria kupita kiasi hushuka kutoka angani, ikibebwa na vumbi na majivu. Mvuvi wa sangara analia na magugu na maji ya kijani. Hajaambiwa kwamba baadhi ya mbolea hiyo ilipita juu ya kichwa chake ikiwa moshi.

Ninadai nini basi? Mambo manne, na yote yanawezekana.

Kwanza, ziwekwe sehemu tatu za kupima: ufukweni Musoma, pembezoni mwa hifadhi huko Bunda, na juu ya vilima vya Butiama. Jiografia imetupangia maabara bila malipo: mlango wa nyika, kilima cha bara na ukingo wa ziwa. Vifaa vya bei nafuu vihesabu chembe kila saa. Lakini vifaa hivyo havisomi umri, kwa hiyo viandamane na vichujio vinavyokusanywa kila wiki, masika na kiangazi, ili levoglukosani na asidi oksaliki zipimwe.

Pili, kazi hiyo ikabidhiwe vijana wa hapa. Butiama kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Mwalimu, aliyezikwa pale Mwitongo, ndiye aliyetuandikia Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Itakuwa aibu ya kipekee iwapo hewa inayopita juu ya kaburi lake itaendelea kukadiriwa na kompyuta zilizopimiwa moshi wa miti ya nchi nyingine. Chuo hicho na vingine vya Kanda ya Ziwa vifundishe modeli hizi kwa vitendo, na wanafunzi wazipige muhuri kwa moshi wa migunga na mkaa wetu.

Tatu, viwango vyetu vitambue chembe zinazozaliwa angani. Shirika la Afya Duniani lilishusha mwaka 2021 kikomo chake cha chembe laini hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Kikomo hicho hakiulizi kama chembe ilitoka bombani au ilizaliwa njiani. Mapafu nayo hayaulizi.

Nne, matokeo yatangazwe. Redio zinazosomea wavuvi utabiri wa upepo zinaweza pia kusoma hali ya hewa tunayovuta. Takwimu iliyofungiwa kabatini ni moshi mwingine tu, unaoficha.

Sisemi uchomaji wote wa nyasi ukome. Ikolojia ya nyika ina hoja zake, na moto wa mapema uliopangwa huzuia moto mkali wa baadaye. Nasema anayepanga siku ya kuchoma ajue upepo wa siku hiyo utaupeleka moshi kwa nani, na utakuwa umegeuka nini ukifika.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa, nina ombi la kiungwana. Nileteeni takwimu za mwaka mmoja tu za chembe laini za Bunda, zilizopimwa kila siku na kutangazwa kwa wananchi. Nitaziweka hapahapa, na nitaomba radhi hadharani kwa kila sentensi itakayokuwa imewaonea. Mkizikosa, basi katika kabrasha lijalo rudisheni ile mistari miwili. Kwa wanaharakati: acheni kuhesabu mitungi peke yake, ulizeni hewa. Kwa wanafunzi: yule mwenzenu aliyechekwa darasani aliuliza swali la tasnifu. Nani atalichukua?